Kukabidhiwa: Mbele ya Hakimu na Kando ya Kaburi

Somo: Matendo ya Mitume 7:59 mpaka 8:3



Leo twataka kulitazama neno moja. Ni neno linalotumika mahali pawili ambapo hakuna mtu apendaye kufika, yaani mahakamani na makaburini. Mkiitazama ratiba ya mazishi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, kama zile wanazogawiwa waombolezaji huku kwetu Nakuru, Njoro na Molo, mara nyingi mtaona sehemu ya mwisho, ile ya kando ya kaburi, imeandikwa "committal". Na mtu akihukumiwa kifungo katika mahakama ya Nakuru, amri inayompeleka gerezani hutajwa kwa neno hilo hilo. Mchungaji na hakimu ni watu wenye kazi mbalimbali kabisa, nao wanatumia neno moja. Je, ni bahati tu, au liko jambo la kujifunza?

Kwa Kiswahili twasema huyu amezikwa na yule amefungwa, na mambo hayo mawili hayakutani. Lakini tunalo neno letu linaloyabeba yote mawili, nalo ni kukabidhi. Mkulima wa Molo akipeleka maziwa kituoni asubuhi, hayamwagi tu mtunguni akaenda zake. Maziwa hupimwa, jina lake huandikwa kitabuni, na mwisho wa mwezi huja kudai hesabu yake. Ameyakabidhi. Lakini akiyamwaga mtaroni hakuna kitabu, wala hakuna wa kuulizwa.

Basi lishikeni jambo hili, maana ndilo msingi wa mazungumzo yetu. Palipo na kukabidhi, pana anayetoa na anayepokea, pana jina, na pana siku ya hesabu. Mambo hayo yakikosekana, huko si kukabidhi tena. Ni kutupa.

KARATASI YA HAKIMU

Tuanze mahakamani. Hakimu akisha kumhukumu mtu kifungo, hamwambii askari, "Mwondoe huyu." Huandika hati. Ndani yake huandikwa jina la mfungwa, kosa lake, muda wa kifungo chake na tarehe, nayo huelekezwa kwa msimamizi wa gereza. Sheria ya Magereza ya Kenya, Sura ya 90, yakataza gereza kumpokea mtu yeyote asiyekuja na hati ya namna hiyo. Naam, lango la gereza la Nakuru au la Naivasha halipaswi kufunguliwa kwa mtu asiye na karatasi.

Wengi hudhani kwamba karatasi hiyo ni minyororo ya mfungwa. Kwa kweli ni kinga yake pia. Kwa karatasi hiyo mama yake aweza kuuliza yuko wapi, wakili aweza kuuliza amefungwa kwa nini, na siku ya mwisho wa kifungo ikifika, msimamizi hana haki ya kumzuia hata usiku mmoja. Yeye aliyepokea ndiye atakayeulizwa.

Liko tumizi la pili, ambalo wazee wengi wanalikumbuka. Zamani mtu akishtakiwa kwa kosa la kuua, kesi yake haikuanza katika Mahakama Kuu. Kwanza alipelekwa mbele ya hakimu wa chini, naye hakimu huyo alipima ushahidi wa upande wa mashtaka. Hakuwa na mamlaka ya kusema ana hatia au hana. Kazi yake ilikuwa kuona kama liko jambo la kujibiwa, na likiwapo, kumkabidhi mshtakiwa kwa Mahakama Kuu. Makusudi yalikuwa mema, ili mtu asisimamishwe mbele ya jaji kwa uvumi mtupu. Lakini mambo yalikawia, na watu walikaa rumande muda mrefu wakingoja tu kukabidhiwa. Kwa hiyo Bunge liliufuta utaratibu huo kwa sheria namba 5 ya mwaka 2003, na tangu hapo kesi ya mauaji huenda moja kwa moja Mahakama Kuu.

Tumizi la tatu ni la mdeni. Mahakama yaweza kumpeleka katika jela ya kiraia mtu aliyeamriwa kulipa deni asilipe, ikiwa imeridhika kwamba anao uwezo na anakataa. Hapa sheria ina jambo la ajabu. Yule anayedai hana budi kutoa fedha za kumlisha mdeni wake huko gerezani. Asipotoa, mdeni huachiliwa. Tena kifungo hicho hakizidi miezi sita, na mdeni akitoka, deni lake lingali lile lile. Gereza halikulipa hata senti moja. Twamkumbuka yule mtumwa katika Mathayo sura ya 18, aliyemtupa mwenzake kifungoni kwa ajili ya dinari 100. Alipata nini? Mwenzake aliye kifungoni angezitoa wapi fedha hizo?

MANENO YA KANDO YA KABURI

Sasa tutoke mahakamani twende makaburini. Ni vema tukumbuke kwamba katika Bonde la Ufa maneno ya kando ya kaburi si ya zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wa watu wa nchi hii hawakuzika kila mtu. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya Kiingereza, aliandika habari za Wamasai katika mwaka 1905 na za Wanandi katika mwaka 1909. Alieleza kwamba mtu wa kawaida alipokufa, mwili wake ulilazwa nje ya maskani, na fisi wakauchukua. Waliozikwa walikuwa wachache, kama vile wazee wakuu au viongozi wa dini. Kwa Wakikuyu pia, kaburi lilikuwa hasa heshima ya mzee mwenye mali na uzao.

Hatusemi haya ili kuwadharau babu zetu. Walikuwa na heshima yao na miiko yao, na aliyegusa maiti hakurudi kati ya watu kabla ya kutakaswa. Lakini mfikirie basi kijana wa misheni wa siku zile, aliyeambiwa kwamba kila mtu azikwe, tajiri na maskini, mzee na mtoto mchanga. Ilimpasa kuushika mwili kwa mikono yake, akachimba shimo, na jamaa zake wakamwona amejitia unajisi.

Kisha yalitokea mageuzi makubwa. Reli ilifika Nakuru katika mwaka 1900, na nyuma yake yakaja mashamba ya walowezi. Watu wakamiminika kutoka Nyeri na Murang'a, kutoka Kericho, kutoka Nyanza na Buluhya, wengine kwa kazi ya reli, wengine kuwa maskwota katika mashamba ya wazungu. Sasa mtu wa namna hiyo alipofia shambani, mbali na ukoo wake, nani angempokea? Mara nyingi waliosimama kando ya kaburi hawakuwa ndugu wa damu, wala lugha zao za nyumbani hazikuwa moja. Palipokuwa na Wakristo, waliomba kwa Kiswahili, wakamkabidhi ndugu yao kwa Mungu anayezijua lugha zote. Hivyo watu waliokuwa wageni wao kwa wao walijifunza kuzikana.

Yaangalieni maneno yenyewe ya ibada. Madhehebu yetu hayatumii kitabu kimoja. Waanglikana wana utaratibu uliotoka katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, na Wapresbiteri, Waafrika Inland na wengine wana taratibu zao. Lakini njia ni moja. Mwili unatolewa kwa ardhi, na papo hapo tumaini la ufufuo linatajwa. Ardhi haipewi mwili uwe mali yake. Inapewa kama amana, na amana yaweza kudaiwa.

Na serikali nayo inataka karatasi yake. Chini ya sheria ya kuandikisha vizazi na vifo, Sura ya 149, twatakiwa kuwa na kibali cha kuzika. Tena mwili usiodaiwa na mtu katika chumba cha maiti hauondolewi ovyo. Hospitali hutangaza kwanza, kisha huomba amri ya mahakama kabla ya kuzika. Basi mwaona kwamba mahakama na kaburi si mbali sana. Mlango wa gereza waulizia jina, na mlango wa kaburi waulizia jina.

MTU MMOJA WA BONDE LA UFA

Lakini itakuwaje jina lisipoulizwa? Tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zajulikana na Kenya nzima.

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa Kabati-ini, katika Bonde la Ufa, mwaka 1929. Wazazi wake walikuwa maskwota. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya eneo hili, na wengi walitiwa kizuizini. Kariuki alikamatwa mwaka 1953, akazungushwa kambi baada ya kambi mpaka mwaka 1960. Miaka saba! Katika miaka hiyo hakuna hakimu aliyemhukumu kifungo hicho. Amri ya kizuizini ilitoka kwa serikali, wala haikuwa na siku ya mwisho. Mfungwa wa hakimu huhesabu siku zake ukutani, lakini mtu wa kizuizini ahesabu nini? Habari hizo aliziandika mwenyewe katika kitabu kilichotolewa mwaka 1963.

Nchi ikapata uhuru, naye akawa mbunge na msemaji wa maskini wasio na ardhi. Tarehe 2 Machi 1975 alichukuliwa mjini Nairobi. Mwili wake ulionekana na mchungaji wa ng'ombe katika vilima vya Ngong. Ukapelekwa katika chumba cha maiti cha jiji, ukalala humo siku kadhaa kama mwili wa mtu asiyejulikana. Jamaa zake walikuwa wakimtafuta. Hatimaye wake zake walifika, wakamtambua. Ndipo akaletwa Gilgil, akazikwa nyumbani kwake. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, nayo ikatoa taarifa mwaka huo huo. Lakini mpaka leo hakuna mtu aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Angalieni, wapenzi. Mtu huyu mmoja alitiwa kifungoni bila hukumu ya mahakama, na karibu azikwe bila jina. Mara zote mbili, kilichofanywa hakikuwa kukabidhi. Na mara ya pili, kilichomrudisha katika jina lake ni watu waliomtafuta, wakakubali kuingia mahali pale pa baridi na kutazama.

KESI ILIYOKUJA NAKURU

Jambo la pili ni la juzi. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika kwamba watu 17 waliteketea kanisani, na wengine 11 walikufa hospitalini au wakiwa njiani kwenda huko. Mwezi huo huo moto ukashuka mpaka Nakuru na Naivasha, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa watu waliofukuzwa makwao. Katika nchi yote waliokufa walizidi 1,100.

Washtakiwa wanne wa Kiambaa waliletwa katika Mahakama Kuu ya Nakuru, mbele ya Jaji David Maraga, ambaye baadaye, mwaka 2016, akawa Jaji Mkuu. Aprili 2009 jaji aliwaachilia wote wanne, kwa sababu ushahidi haukutosha, akalaumu jinsi polisi walivyofanya uchunguzi wao.

Waliofiwa walilia, na tunalia pamoja nao. Hata hivyo hatuwezi kumlaumu jaji. Angewafunga watu wasiothibitishwa, angekuwa amewatupa gerezani, na wafu wa Kiambaa wasingepata haki kwa njia hiyo. Yaani kosa la kwanza halifutwi kwa kosa la pili. Lakini swali linabaki: nani atatoa hesabu ya watu wale? Mahakama ya duniani ilifika mwisho wa njia yake. Je, habari imekwisha hapo?

NENO LA MUNGU

Sasa tulisome somo letu. Stefano alipopigwa mawe alimwomba Bwana Yesu aipokee roho yake. Kisha, katika sura ya 8, mstari wa 2 wasema kwamba watu wacha Mungu walimzika Stefano na kumfanyia maombolezo makuu. Na mstari wa 3, hapo hapo, wasema kwamba Sauli aliingia nyumba kwa nyumba, akawaburura wanaume na wanawake, akawatia gerezani. Kaburi na gereza vimewekwa bega kwa bega. Upande huu mikono inambeba maiti kwa upole, na upande ule mikono inawakokota walio hai.

Katika Kiyunani, neno linaloeleza kazi ile ya Sauli ni neno la kukabidhi. Ndilo neno linalotumika sana katika habari za mateso ya Bwana wetu. Yuda alimkabidhi kwa makuhani, makuhani wakamkabidhi kwa Pilato, na Pilato akamkabidhi asulibiwe. Alipitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja alitaka aliye mbele yake ndiye abebe lawama. Pilato hata alinawa mikono. Huku ndiko kukabidhi kwa uongo, maana hakuna aliyetaka kuulizwa.

Lakini someni Waraka wa Kwanza wa Petro 2:23. Mtume anasema kwamba Yesu alipoteswa hakuogofya, bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki. Ni neno lile lile! Wakati wanadamu walipodhani wanamtoa, yeye alikuwa akijitoa kwa Hakimu mwingine. Na msalabani, kama Luka aandikavyo, aliiweka roho yake mikononi mwa Baba.

Hata mwili wake ulipitia taratibu hizi tunazozijua. Yusufu wa Arimathaya hakuuiba usiku. Marko asema alithubutu kuingia kwa Pilato akauomba. Pilato akamwita akida, akahakikisha kwamba amekwisha kufa, ndipo akatoa ruhusa. Hicho ndicho kibali cha kuzika! Kisha kaburi likatiwa muhuri na kuwekewa walinzi, kana kwamba ni gereza. Siku ya tatu, Baba alikuja kuidai amana yake.

Na Sauli je? Miaka ikapita, naye akawa Paulo, akafungwa yeye mwenyewe. Kutoka kifungoni alimwandikia Timotheo, katika 2 Timotheo 1:12, kwamba anamjua aliyemwamini, na ya kuwa aweza kuilinda amana hata siku ile. Mtu aliyewakabidhi wengine gerezani amejifunza kujikabidhi mwenyewe. Naye ataja siku, maana kukabidhi kwa kweli kuna siku ya hesabu.

YATUPASA NINI?

Basi, wapendwa, tukisimama kando ya kaburi huko Nakuru, Bahati au Elburgon, na mchungaji akishika udongo, tusidhani kwamba tunamaliza habari za mtu. Tunamkabidhi kwa yeye asiyepoteza jina. Wale wa Kiambaa pia wako mikononi mwake, na kesi yao kwake haijafungwa.

Lakini hatuwezi kusema maneno hayo kaburini kisha tukanyamaza kuhusu walio hai. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, na isizidi saa 24, isipokuwa saa hizo ziishe mahakama zikiwa zimefungwa. Kijana wa jirani yako akichukuliwa usiku, usiseme, "Hayo ni ya serikali." Nenda kituoni na mzazi wake, ukaulize jina lake limeandikwa wapi, na ni lini ataletwa mbele ya hakimu. Kuuliza si uasi. Ndiyo kazi ya aliyetoa, kumwuliza aliyepokea.

Wako pia watu wa rumande ambao hakuna mtu wa kanisa lao amewatembelea tangu walipoingia. Na hospitali inapotangaza majina ya miili isiyodaiwa, nani kati yetu huyasoma? Labda yumo mtu aliyewahi kuketi benchi moja nasi kanisani, kisha akahama kutafuta kazi. Shirika la akina mama laweza kuyasoma. Vijana waweza kwenda kuulizia. Wake wa Kariuki walikwenda, na hivyo Gilgil ikapata kumzika mtu wake kwa jina lake.

Na wewe unayesikiliza peke yako, labda ukiwa na mume kifungoni, au una kaburi changa nyuma ya nyumba. Umemkabidhi nani kwa nani? Ikiwa umemtoa mpendwa wako kwa Bwana, usilale ukiogopa kwamba amepotea. Yuko aliyempokea.

Tuombe.

Ee Baba, Hakimu wa haki, tunakukabidhi wafu wetu, wenye makaburi na wasio na makaburi. Tunakukabidhi walio katika vifungo, na wale wasiojulikana walipo. Uwajalie mahakimu wetu uaminifu, na askari wetu hofu yako. Utupe sisi miguu ya kwenda kuuliza, na mikono ya kupokea. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyejikabidhi kwako kwa ajili yetu. Amina.